Kisosi cha Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na sheria moja tu, na hiyo moja aliishika kuliko wengine wanavyoshika kumi. Mezani pake palikaa kisosi kimoja cheupe chenye ufa pembeni, kilichobaki mjane baada ya kikombe chake kuvunjika, na kila saa aliyoifungua, parafujo zake na vigurudumu vyake vililala humo. Kisosi kimoja, saa moja. Mpaka kisosi kiwe kitupu na saa isikike ikitembea, nyingine haifunguliwi, hata aje nani. Kazi ikiisha alikigeuza kisosi juu chini, akakigonga mgongoni mara mbili kwa kidole kuhakikisha hakuna kilichonasa, ndipo akanyoosha mkono kupokea nyingine. Mteja angesimama dirishani akatoa udhuru wa safari, akataja wakubwa anaojuana nao, na fundi angemjibu bila kuondoa lenzi jichoni, "Subiri, ndugu yangu. Huyu bado yuko tumbo wazi."

Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Alipokuwa mwanagenzi alifungua saa mbili kwa pamoja, akitaka bwana wake amwone mwepesi, parafujo zikachanganyika, na saa ya mzee wa watu ikafa kifo cha moja kwa moja. Bwana wake hakumchapa. Alimmiminia parafujo zote kiganjani, akamwambia ajue ipi ya wapi, ndipo ale. Alishinda siku mbili na njaa. Tangu hapo "haraka haraka haina baraka" aliitamka mara nyingi kuliko jina la mke wake.

Na kazi yenyewe ilikuwa inakufa, tusidanganyane. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la simu na bucha, na waliokwenda duka la simu kwa siku moja walizidi waliokuja kwake kwa mwezi. Nani atatengeneza saa wakati kila mtu anayo mfukoni, inayowaka taa? Waliobaki ni wazee, na watu wenye saa za marehemu wao. Fundi alilijua hilo, na hakulilia. Alikuwa na lake moja la kumpa usingizi: binti yake.

Mtaa mzima walimwita Nukta, kwa udogo wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mwili wa mtoto wa tisa, na kichwa ambacho walimu walikizungumza wakiwa peke yao. Tangu ana miaka mitano alikaa juu ya kreti la soda kando ya baba yake, akimpa kibano kabla hajaombwa. Akiwa na tisa alifungua saa ya mezani na kuifunga, ikatembea. Akiwa na kumi alikuwa akiweka saa sikioni na kusema, "Baba, hii ikilala inachelewa, ikisimama inawahi," na fundi akiipima, ndivyo. Darasani hakuwahi kushika nafasi ya pili. Samaki mkunje angali mbichi, fundi aliwaambia wateja, huku akimtazama mwanawe kwa jicho la kiburi ambalo wala hakujisumbua kulificha.

"Meza hii inaishia kwangu," alimwambia Nukta. "Wewe hapa unapita tu."

Njia ya kupitia ilikuwa moja tu. Juu ya mji kulikuwa na shule ya vipaji, yenye maabara, maktaba na mabweni, na aliyechaguliwa hakulipa hata senti mpaka amalize. Nafasi themanini, watoto elfu mbili. Mtihani ulifanywa mara moja, mwaka mtoto anapotimiza miaka kumi na miwili, na haukurudiwa: maswali sitini kwa dakika sitini. Atakayeachwa angekwenda shule ya chini, ambako darasa moja lilikuwa na watoto tisini na mwalimu nusu, kwa sababu huyo mmoja aligawanywa na darasa la jirani. Binti wa dada yake fundi alipita huko miaka minne, akatoka anajua kusuka nywele.

Mwalimu wa darasa aliwabakiza watoto kumi na wawili kila jioni kwa miezi mitatu. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na somo lake kuu halikuwa hesabu wala lugha. Lilikuwa kuruka. "Ukikwama, ruka!" alipiga kelele akigonga ubao. "Swali gumu ni mlango uliofungwa, usilale hapo, nenda mlango mwingine! Hujui? Kisia! Mtihani huu haupimi akili tu, unapima mbio!" Mtoto wa muuza nyama, mvulana mnene mwenye furaha zake, alilipenda sana somo hilo. Alikuwa akiruka hata maswali anayoyaweza.

Siku moja kabla ya mtihani, mchana, Nukta alikuwa kibandani na baba yake. Kisosi kilikuwa na parafujo nne. Alizitazama muda mrefu, kisha akauliza.

"Baba, mwalimu anasema tukikwama turuke, tutarudi baadaye."

"Turuke twende wapi?"

"Swali la mbele."

Fundi alitoa lenzi jichoni. Hicho ndicho kitu ambacho baadaye angekumbuka: kwamba aliitoa kabisa, akaiweka mezani, ili mtoto amsikilize vizuri. "Mama," alimwambia, kwa maana ndivyo alivyomwita alipokuwa na upendo, "umewahi kuniona naacha saa tumbo wazi nafungua nyingine?"

"Hapana."

"Kuruka ni kazi ya chura. Anayeruka hajui. Wewe unajua, unarukia nini? Shika moja, imalize, ihakikishe, ndiyo ushike nyingine. Na kukisia usithubutu. Fundi anayekisia ni mwizi."

"Na muda ukiisha?"

"Mwenye kujua muda humtosha."

Mke wake alikuwa amefika mlangoni, ametoka zamu. Alikuwa dobi wa hospitali, na mikono yake siku zote ilinuka klorini. "Baba Nukta," alisema, "mambo ya mtihani si umwachie mwalimu? Mwalimu ndiye anayeyajua."

"Mwalimu anafundisha watoto wa watu. Huyu ni wangu."

"Haya," alisema mama, kwa ile haya ya mtu aliyechoka mguu na kiuno. Nukta alitazama kisosi, akachukua kibano, akampa baba yake parafujo ya kwanza. Hakuuliza tena.

Asubuhi fundi alimsindikiza mpaka geti la shule ya vipaji, na penseli tatu alizozichonga mwenyewe zikawa na ncha za kutoboa macho. Ukumbi uliwameza watoto. Wazazi walikaa ukutani wakihesabu dakika kwenye simu zao, na fundi peke yake ndiye aliyetazama mkononi. Waliporuhusiwa, mtoto wa muuza nyama alitoka akipunga mikono. "Mengine nimebahatisha tu!" alimpigia kelele baba yake. Nukta alitoka miongoni mwa wa mwisho. Penseli zake mbili hazikuwa zimeguswa.

"Ilikuwaje, mama?"

"Nilikwama kidogo, baba."

"Kidogo si neno."

Majina yalibandikwa ubaoni baada ya wiki tatu. Fundi aliyasoma kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu, kisha akavaa lenzi, watu wakamcheka, akayasoma kwa lenzi. Mtoto wa muuza nyama alikuwa wa sabini na moja. Nukta hakuwepo. Hakuwepo hata kwenye karatasi ya akiba iliyobandikwa pembeni.

Muuza nyama alikuwa mtu mwema, na wema wake siku hiyo ulikuwa adhabu. Alimletea fundi kilo ya nyama ya kupongezana. "Hata mimi sielewi, jirani," alisema. "Wangu huyu kila siku anamuuliza Nukta hesabu." Fundi aliipokea nyama, akasema asante, akaingia ndani akamgeukia mwanawe.

"Ulikuwa unaota mle ndani?"

Nukta alisimama na mikono nyuma.

"Nakuuliza! Wa buchani amepita, wewe umeshindwa. Ulikwama wapi?"

Nukta alimpokea nyama, akaiweka mezani.

"Sema!"

"Nilikwama tu, baba."

"Umenivua nguo mbele za watu," fundi alisema. Mama yake Nukta alimwambia yatosha, na yeye akaona haijatosha. Kwa wiki tano hakumwita mezani. Mtoto akija alikuta kreti limepanguswa na kuwekewa kopo la mafuta juu yake, akarudi nyumbani bila neno. Mtaani nako hawakukosa la kusema: kumbe akili zenyewe zilikuwa za kuazima, kumbe waliomsifu walikuwa wanatengenezewa saa zao bure. Shule ya chini ilifunguliwa. Nukta akawa anaenda na kurudi, na akiulizwa kasoma nini anajibu, "Leo mwalimu hakufika."

Lakini fundi, pamoja na hasira zote, hakuamini. Saa nzuri haisimami bila sababu, na sababu hupatikana ukifungua. Ama wamebadilisha karatasi, ama kuna mkubwa kampenyeza wake. Akapanda mlima kwenda shule ya vipaji kudai aione karatasi ya mwanawe. Mara ya kwanza alirudishwa getini. Mara ya pili alifika ofisini, karani akamwambia karatasi hazionyeshwi, na hapo hapo mkuu wa shule akapita akasema hazionyeshwi. Mara ya tatu karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwacha akae bila kumjibu, akijua atachoka.

Ukutani mwa ofisi ile kulikuwa na saa iliyochelewa dakika kumi na saba. Fundi aliivumilia kwa muda mrefu kadiri binadamu awezavyo. Kisha akapanda kiti bila ruhusa, akaishusha, akaifungua mapajani mwake. Betri ilikuwa imevuja chumvi. Aliikwangua, akaipangusa kwa pindo la shati, akairudisha ukutani ikitembea, akakaa tena palepale bila kudai chochote. Karani aliweka kalamu chini.

"Hiyo saa imetuchelewesha mwaka mzima," alisema. "Hata siku ya mtihani tulitumia ya mkononi." Akaamka, akafunga mlango, akafungua kabati la chuma. "Dakika tano, baba. Halafu hujaniona."

Karatasi ilikuwa na jina la mwanawe kwa mwandiko ule alioujua, mdogo na ulionyooka. Swali la kwanza, alama nyekundu ya kupata. La pili, kupata. Fundi alishuka na kidole. La kumi, kupata. La ishirini, kupata. Hakuna kosa hata moja, wala herufi iliyokatwa. Mpaka la ishirini na sita. Kisha la ishirini na saba kisanduku kilikuwa kitupu, na baada yake kurasa zote zilikuwa nyeupe mpaka mwisho.

"Tuliizungumza hii siku ya kusahihisha," karani alisema taratibu. "Ishirini na sita kwa ishirini na sita. Hakuna mtoto mwingine aliyefanya hivyo. Wengine wote wana makosa. Aliyepita wa mwisho ana arobaini na tano, na makosa kumi na matano. Tulidhani mtoto aliugua ghafla. Aliugua?"

"Hakuugua," fundi alisema. Alikuwa anasoma swali la ishirini na saba.

Saa inachelewa dakika mbili kila baada ya saa moja. Imerekebishwa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Itaonyesha saa ngapi itakapotimia saa kumi na mbili kamili jioni?

Pembeni, kwa penseli iliyokandamizwa, Nukta alikuwa ameandika: *Imelazwa au imesimama?* Chini yake: *Imetiwa ufunguo lini?* Chini yake tena: *Ikiishiwa ufunguo jioni haichelewi sawasawa na asubuhi.* Mistari mitatu, na ilikuwa kweli tupu yote mitatu. Fundi yeyote mwenye heshima zake angeuliza hayo kabla ya kutoa jibu. Mtunga mtihani hakuwa fundi. Alitaka kumi na mbili mara mbili.

Kisanduku cha jibu kilikuwa kitupu, lakini karatasi pale ilikuwa imechakaa kidogo, imeota manyoya. Fundi alitia mkono mfuko wa shati, akatoa lenzi, akaivaa. Chini ya lenzi, alama za penseli iliyofutwa zilijitokeza wazi.

11:36.

Kumi na moja na dakika thelathini na sita. Jibu lenyewe. Mtoto aliliandika, kisha akalifuta, akakaa mbele ya kisanduku kitupu dakika zote zilizobaki.

"Kuna jibu hapa," alisema. "Limefutwa, lakini lipo. Tazama."

Karani hakuichukua lenzi. "Hata tukilihesabu, baba, ni ishirini na saba. Na mwakani umri wake umepita." Alimnyang'anya karatasi kwa upole, kama mtu anayemtoa mgonjwa kisu mkononi. "Pole sana."

Fundi alishuka mlima akiwa na ile pole kichwani na haikai popote. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Njia nzima alitafuta mtu wa kumlaumu, akaanza na mtunga mtihani, akampitia mwalimu na mke wake, na kila alipomaliza kumlaumu mmoja alijikuta amerudi kwenye meza yake, mchana ule, akitoa lenzi jichoni ili asikilizwe vizuri.

Alikuta kibanda kiko wazi. Nukta alikuwa amekalia stuli ya baba yake, si kreti, bado na sare ya shule ya chini, ameinamia saa ya mkono ya mteja aliyekuwa amesubirishwa tangu juzi. Kisosi kilikuwa mbele yake na parafujo tatu ndani.

"Shikamoo, baba. Leo tena mwalimu hakufika. Nikaona niisogeze hii."

"Marahaba." Alibaki mlangoni. "Nimeiona karatasi yako."

Kibano kilisimama hewani kidogo, kisha kikaendelea. "Wamekuonyesha?"

"Uliliandika jibu. Halafu ukalifuta."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mama? Ndilo walilokuwa wanalitaka."

"Nilijua ndilo wanalolitaka." Aliishika parafujo, akaitia mahali pake, akaigeuza kwa bisibisi mpaka ikakaza. Hakumtazama baba yake, maana hivyo ndivyo alivyofunzwa, macho yakae kazini. "Lakini nikasema, jibu hili ningekuletea wewe hapa, ungesemaje? Ungeniuliza imelazwa au imesimama. Ningekwambia sijui. Ungesema nimekisia."

Fundi alijijua. Angesema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Basi ungeliacha," alisema, na akasikia sauti yake ikiomba. "Ungeliacha wazi hivyo hivyo, uende la mbele. Yalibaki thelathini na matatu, na yote ulikuwa unayaweza. Ungeruka tu!"

"Kisosi kilikuwa bado kina vitu, baba."

Duka la simu la jirani liliwasha muziki, likauzima.

"Na mimi nilipokugombeza, mbele ya mama yako, mbona hukuniambia?"

Nukta alichukua parafujo ya pili. "Ungeumia," alisema.

Fundi alitamani kukichukua kile kisosi akipasue sakafuni. Hakuweza, kilikuwa na parafujo ya mwisho ya saa ya mtu. "Iache hiyo, mwanangu," alisema. "Twende nyumbani. Utamalizia kesho, au mimi nitaimalizia. Iache tu."

"Bado moja."

"Nimesema iache!"

Alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza, kwa mshangao, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kusikia neno hilo likitoka mdomoni mwake pale ndani. Kisha akainama tena, kwa adabu, akidhani ni hasira za njiani zitakazopita. Akaitia parafujo ya mwisho, akafunga mfuniko, akaiweka saa sikioni na kusikiliza ikitembea. Akakigeuza kisosi juu chini, akakigonga mgongoni mara mbili kwa kidole, akanyoosha mkono.

"Nipe nyingine," alisema.